Kibarua cha Zuhura

Jamani, mkipewa mkataba someni. Hata kama mna macho sita kama mimi, someni kwa yote sita.

Mimi ni mtu wa magendo. Hii mikono minne isiwatishe, shida zangu ni zilezile za kila mtu: kodi, mafuta, na mlango wa chombo nimeufunga kwa waya tangu mwaka juzi. Magendo yakilala nafanya umamluki. Sina upande, nina bei.

Basi tajiri mmoja akanichukua nikamlindie kituo chake kinachoelea Zuhura, kilomita 50 hivi juu ya ardhi, mlemle mawinguni. Malipo kwa siku. Kiwango chenyewe kilikuwa kizuri mno, nikajisemea huyu mzee leo kapigwa. Nikatia saini kwa mikono yote minne asije akaghairi.

Siku tatu baadaye nikaenda kuomba posho. Akanitazama. "Siku tatu zipi? Hata ya kwanza haijaisha."

Kumbe Zuhura inajizungusha kama punda aliyeshiba! Jua lichomoze mpaka lichomoze tena, siku 117 za Dunia. Na mwaka wao ni siku 225. Yaani mwaka mzima nakesha na bunduki, ujira wangu hata siku mbili hazitimii.

Nikamwambia, mbona huku juu upepo unatuzungusha sayari nzima kwa siku nne tano, na jua tunaliona? (Ingawa asubuhi ya kwanza nilikodoa macho yote mashariki, likanichomozea kisogoni. Huko linatokea magharibi.) Akafungua mkataba: siku ihesabiwe ardhini. Herufi kama mayai ya chawa. Nikasema basi nishushe nikalinde hukohuko ardhini. Akacheka hadi akakohoa. Kule joto ni nyuzi 460 na ushee, na risasi inayeyuka kwa 327. Nashuka na bunduki, nafika na uji.

Wiki iliyofuata maharamia wakanipigia. Walitaka mlango wa nyuma usahaulike wazi nusu saa, na wanalipa kwanza. Semeni ninyi: unayemlinda anakukopa, unayemzuia anakulipa. Mwizi nani hapo? Nikausahau mlango. Mpishi tu nilimtonya ajifiche kwenye pipa la unga. Sina roho mbaya, na alikuwa ananiwekea ukoko.

Malipo yenyewe yakawa mapipa 40 ya methani. Nikawaza Titan, ule mwezi wa Zohali: baridi yake nyuzi 179 chini ya sifuri, gesi wataikosaje kuitaka? Kupatana bei kwa simu hakuna, ukisema neno jibu linarudi baada ya saa mbili na nusu. Nikaenda tu. Mafuta nikakopa.

Mteja akanishika mkono mmoja katika ile minne, akanitoa nje. Ziwa. Mbele yake ziwa jingine. Methani tupu, na mvua iliyokuwa inatulowesha ni methani hiyohiyo.

"Kaka," akaniuliza kwa upole, "umetoka nayo Zuhura hii?"

Jana ikaingia sauti ya yule tajiri: "Jua limechomoza. Njoo uchukue posho yako ya siku."

Nimeisikiliza mara nyingi, hasa pale anaposema "njoo". Mpishi hawezi kuwa amesema. Ule ukoko tulikula wote.