Bibi Yako Alilima Bila Bando

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye kikao cha harusi, Tabata. Katibu ameshasoma ahadi zote, watu wanachungulia saa, ndipo baba mdogo akaniuliza mbele ya kadamnasi siku hizi nafanya nini. Nikasema nimeacha uhasibu, nasomea kilimo hai, hicho wanachokiita organic, kwa mtandao. Alicheka mpaka soda ikampalia.

"Mwanangu, bibi yako kalima Mkuranga miaka hamsini bila bando. Leo wewe unafundishwa kulima na simu?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mama, aliyenikopesha ada, alicheka. Na mimi nikacheka, maana ukinuna ndiyo umekwisha. Hasira zilikuja usiku chini ya chandarua, kama kawaida yangu, pamoja na majibu yote mazuri.

Kwa hiyo baba mdogo, shikamoo tena. Haya hapa.

Bibi simdharau. Nimelelewa na mihogo yake. Lakini nakumbuka wadudu wakiingia kwenye kunde zake, alikuwa analoweka tumbaku usiku kucha, asubuhi ananyunyizia kwa ufagio. Kitu cha asili, hakijui kiwanda. Sasa nenda nacho kwenye soko la mazao hai la Marekani uone. Vumbi la tumbaku limeandikwa kabisa kwenye orodha yao ya vitu vya asili vilivyopigwa marufuku, kwa sababu nikotini ni sumu, na haichagui mdudu na mnyunyiziaji. Halafu geuka uitazame salfa, ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho kwa ajili ya ubwiriunga. Salfa nyingi duniani inapatikana kwenye kusafisha mafuta na gesi. Ina harufu ya kiwanda mpaka kwenye gunia. Na inaruhusiwa! Marekani imo kwenye orodha ya vinavyokubaliwa, Ulaya vilevile.

Umeliona hilo? La bibi limekataliwa, la gunia limekubaliwa. Neno "asili" halikusaidii kitu hapo. Inabidi usome orodha, na orodha haipo kwenye mpini wa jembe.

Kinachoniuma ni kwamba baba mdogo mwenyewe ana mikorosho. Miaka yote anasema korosho zake haziwezi kuitwa hai "kwa sababu sisi tunapuliza". Nilimuuliza palepale, anapuliza nini? Salfa. Basi, salfa haina neno! Ila kuna mwaka salfa ilichelewa, akaingia duka la pembejeo, muuzaji akampa dawa ya maji akamwambia hii ndiyo kiboko. Inaitwaje? Hajui, ilikuwa chupa nyeupe. Mwaka gani? "Ule wa mvua nyingi."

Mkorosho ni zao la kudumu. Kanuni za Ulaya zinataka miaka 3 ya mpito, yaani bila dawa iliyokatazwa, kabla ya kuvuna korosho za kuitwa hai. Miaka 3 tunaihesabu kuanzia mvua zipi?

Hii ndiyo kazi ninayoisomea. Mkulima mdogo wa Mkuranga hawezi kujilipia cheti cha kilimo hai peke yake, kwa hiyo wanaingia kwa kikundi. Kanuni mpya za Umoja wa Ulaya zimesema kikundi kisizidi wakulima 2,000, kiwe kimesajiliwa chenyewe kisheria, na kiwe na mfumo wake wa ndani wa kukagua kila shamba. Mtu mmoja akificha chupa nyeupe, wenzake wote wanaweza kuangukia pua. Lazima awepo wa kutembea shamba kwa shamba na daftari, anayejua kuuliza umeweka nini, lini, umenunua wapi, jirani yako anapuliza nini na upepo unavuma kuelekea wapi. Hata wale wanaouza ndani ya Afrika Mashariki kwa alama ya Kilimohai, tuliyo na kiwango chake tangu 2007, na wanaokaguana wenyewe kwa wenyewe bila kulipa kampuni, nao hawaepuki daftari. Mimi niliyekaa miaka minne nikifukuzana na risiti za watu, unaniambia simu haiwezi kunifundisha hii kazi?

Haya, nikubali na langu, maana mama anasoma hapa na atanisuta. Kozi imeandikwa na watu wa baridi. Kuna somo zima la kulinda udongo kipindi cha theluji. Nimepata 9 kati ya 10 kwenye theluji, mimi ambaye baridi yangu ni Julai feni ikizimwa.

Na mboji yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Nilijaza ndoo maganda ya ndizi na mabaki ya jikoni, nikachanganya na maranda niliyoomba kwa mafundi wa Keko, kipimo kwa kipimo kama video ilivyosema. Siku ya sita mama mwenye nyumba aligonga mlango akauliza kama kuna panya amefia chumbani kwangu. Nikaibeba ndoo mpaka kwa mzee mmoja anayeuza miche barabarani. Hakuuliza kitu. Alizamisha mkono, akaminya konzi moja, maji yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Umeinywesha mno," akasema, akajifutia suruali. Basi. Video saa mbili, mzee nusu dakika. Simu haina pua, nimekubali, na ndiyo maana nikimaliza nadharia naelekea Morogoro kwenye mafunzo ya shambani.

Lakini mikono nayo ina mwalimu wake. Wanaonicheka wajiulize nani kawafundisha kupuliza: mara nyingi ni muuza duka, na yeye anakula chupa zikitoka.

Mchango wa harusi nitaumalizia mwisho wa mwezi, mweka hazina asinipigie. Na wewe baba mdogo, nimekununulia daftari, lile gumu la kurasa nyingi, liko kwa mama. Ukurasa wa kwanza nimeshauandika swali, nimekuachia mistari miwili: chupa nyeupe, dawa gani, mwaka gani?