Panadol imejificha ndani ya dawa yako ya mafua

Juni ikishaingia, Uyole nzima, huku kwetu Mbeya, inaongea kwa pua. Konda anaita abiria wa Mwanjelwa, kinachotoka ni "Bwajelwa, Bwajelwa," na hakuna anayecheka maana kila siti ina mtu na leso yake. Ndugu wanaoshuka kutoka Makete wanaleta habari za sakitu, ile baridi ya kuganda, iliyounguza viazi. Jioni, foleni ya duka la dawa inaipita ya chipsi.

Mwaka huu nami nilisimama kwenye foleni hiyo. Zamu yangu ilipofika, dada muuzaji akaniuliza, "Mafua?" Ndiyo. Mkasi ukakata kipande cha karatasi ya vidonge. "Kichwa kinagonga?" Kinagonga. Mkasi ukakata tena. "Na mwili unauma?" Unauma. Akaongeza pakiti za unga wa kukoroga kwenye maji ya moto, ule wenye harufu ya limau. Kila nilipoitikia nilipata dawa. Niliondoka na vibahasha viwili vyeupe vilivyoandikwa kwa kalamu, kimoja cha mafua 2x3, yaani viwili mara tatu kwa siku, na kingine cha kichwa 2x2, na zile pakiti za kunywa asubuhi na usiku. Nikajiona mjanja, nimejitibu bila kupoteza siku hospitalini.

Kesho yake jioni mama alifika kutoka Makete, naye anakohoa. Mama ana presha. Dawa zake za kila asubuhi huzifunga kwenye ncha ya kitenge, na njiani alikuwa amenunua karatasi nzima ya vidonge vya mafua. Tulikuwa tunachambua maharage mezani alipoisogeza mbele yangu.

"Nisomee hapa nyuma, mwanangu, macho yangu hayafiki. Hii na ile yangu ya presha zinaelewana?"

Nikawasha tochi ya simu. Maandishi madogo kama mayai ya chawa: parasetamoli miligramu 500, klorofeniramini, fenilefrini, kafeini. Nikamweleza kwamba ile fenilefrini kazi yake ni kubana mishipa ya damu ili pua ifunguke, lakini ikishaingia mwilini haichagui mishipa ya pua peke yake, kwa hiyo mwenye presha asiinywe kabla ya kumuuliza daktari wake au mfamasia. Akaisukuma pembeni, katikati ya maharage mabovu. Kisha akaniangalia. "Na zako wewe umezisoma?"

Zangu hazikuwa na mgongo wa kusoma. Kwenye kipande kimoja yalibaki maneno "etamol 500". Kwenye kingine mkasi ulikuwa umepita juu ya jina lenyewe. Nikavaa koti, nikarudi dukani kabla hawajafunga, na dada, bila kinyongo, akanionyesha maboksi. Vidonge vya mafua: parasetamoli 500 kila kimoja. Vile vya kichwa: parasetamoli 500, yaani panadol ya kawaida, maana sisi tunaiita panadol hata ikitoka kampuni gani. Pakiti ya limau: 500 nyingine.

Nilihesabu nikiwa nimesimama pale pale. Sita za mafua, nne za kichwa, pakiti mbili. Kumi na mbili mara 500 ni miligramu 6,000, gramu 6 kwa siku moja. Mtu mzima mwenye afya asipite gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya 500, tena akiviachanisha kwa saa nne hadi sita. Mwembamba sana, mwenye ugonjwa wa ini au anayeshinda kwenye pombe ya komoni anatakiwa kuwa na kikomo cha chini ya hapo.

Usiku ule nilikwenda hospitali, na hapa naomba unisikilize vizuri. Nilikuwa sijisikii vibaya kuliko mtu yeyote mwenye mafua. Ndiyo tabia ya parasetamoli iliyozidi. Siku ya kwanza unaweza kuhisi kichefuchefu tu, au usihisi kitu. Ini linaanza kuonyesha kuumia siku ya pili au ya tatu. Dawa ya kuipinga ipo, lakini inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa nane tangu umeze. Ukisubiri macho yawe ya manjano umechelewa. Wakanipima damu, ini likaonekana zima, nikaambiwa niache kila kitu ninywe maji. Mafua yaliondoka yenyewe baada ya wiki moja, kama ambavyo yangeondoka bila mimi kumeza chochote.

Sasa, sina ugomvi na yule dada. Wala sitaki watu wapange foleni hospitalini kwa ajili ya makamasi. Maduka ya dawa muhimu yalianza kwa majirani zetu wa Ruvuma mwaka 2003, na leo kuna vijiji vingi huku nyanda za juu ambako bila duka hilo ungetembea nusu siku kutafuta panadol. Ugomvi wangu ni na mkasi.

Mkasi ukipita, jina la dawa linabaki dukani. Tarehe ya mwisho inabaki dukani. Namba ya toleo, ile ambayo mamlaka ya dawa huitaja inapotangaza kuondoa dawa fulani sokoni, nayo inabaki dukani. Wewe unaondoka na kibahasha cha 2x3, na 2x3 si jina la dawa. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilipotoa tahadhari kuhusu dawa za maji za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto Gambia, mzazi angeweza kujilinda kwa kusoma jina kwenye chupa. Mwenye kibahasha angesoma nini?

Najua kwa nini tunakatiwa. Mwenye mia tano mfukoni hawezi kununua boksi, na mimi mwenyewe sikuwa na haja ya vidonge ishirini. Basi tukatiwe, lakini kabla ya mkasi omba boksi, ligeuze, lipige picha kwa simu. Au mwambie muuzaji aandike jina la kilichomo juu ya kibahasha, palepale pembeni ya 2x3. Nimeanza kufanya hivyo. Mmoja alinuna, mwingine akasema ni wazo zuri, wote wakaandika. Na tukiacha kusema "nipe ya mafua" tukaanza kusema "nina mafua, nimeshakunywa panadol saa sita, na nina presha", muuzaji naye atakuwa na cha kufikiria.

Kuhusu ile fenilefrini, kuna jambo lililonichekesha baada ya kuumwa. Mwaka 2023 jopo la wataalamu wanaoishauri mamlaka ya dawa ya Marekani lilipitia ushahidi likasema kwamba ukiimeza kama kidonge, haizibui pua. Hivyo tunalipia hatari kwa mwenye presha, na pua inabaki imeziba vilevile. Matone ya maji ya chumvi puani, au chai ya tangawizi ya moto, hayadai makubwa. Kujifukiza sawa, ila mtoto asifunikwe na sufuria inayochemka chini ya blanketi.

Klorofeniramini ndiyo piritoni, na piritoni inaleta usingizi. Ukienda kulala ni neema. Ukiwa unashusha lori Mlima Iwambi, au umepakia abiria wawili kwenye bodaboda asubuhi ya ukungu, ni jambo jingine kabisa, na dereva mwenye mafua haambiwi hivyo dirishani. Ukiongeza pombe ndiyo usiseme.

Watoto wadogo ndio wanaonipa hofu. Huwa naona kidonge cha mtu mzima kinavunjwa vipande vinne kwa kisu, kipande kinapondwa kwenye uji. Uingereza tangu 2009 dawa hizi za mchanganyiko za mafua na kikohozi haziruhusiwi kwa watoto chini ya miaka 6. Wa kwetu wana miili ileile. Homa ya mtoto ina parasetamoli yake ya maji, kipimo kinafuata uzito, na kijiko ni kile kinachokuja na chupa, si cha chai cha nyumbani. Aspirini asipewe kabisa. Asali inatuliza kikohozi cha usiku, ila si kwa aliye chini ya mwaka mmoja.

Kisha kuna homa ambayo si mafua. Ukiwa umetoka Kyela msibani au Mbarali kwenye mpunga, ukapanda huku kwenye baridi ukaanza kutetemeka, usiende kwenye foleni ya mkasi, nenda kapime malaria. Kikohozi kikipita wiki mbili, kapime kifua kikuu. Na kichwa kinachogonga kila asubuhi kisha kinatulia ukishatoka nje hakihitaji panadol. Kinahitaji jiko la mkaa litolewe chumbani, kwa sababu moshi usiouona ndio huo unaokugonga, na huua.

Zile kapsuli za rangi mbili, yaani antibiotiki, nitaziandikia siku nyingine. Kwa leo nasema hivi: mafua ni virusi, na rangi mbili haziui virusi, hata makamasi yakiwa ya kijani.

Mama alirudi Makete. Juzi alinipigia simu usiku, sauti bado ina mafua. Kuna jirani amempa vidonge vingine, "vya njano, vizuri sana," na kwa kichwa alikuwa ameshameza panadol mbili jioni. Nikamwambia ampe simu mjukuu wake wa darasa la nne, aniandikie kwa mdomo yaliyo mgongoni. Mtoto akaanza taratibu, akivuta makamasi katikati ya kila herufi.

"P... A... R... A..."

"Inatosha," nikamwambia. "Mrudishie bibi simu."