Tanuri linalofunguka: siku mbili za kungoja kwa kazi ya nusu saa

Elementi moja, yaani kipande cha umeme kinachotoa joto, imekatika ndani ya tanuri lililokuwa likifanya kazi kwenye nyuzi 1,200 za Selsiasi. Kipande chenyewe mtu anakibeba kwa mkono mmoja, na spea ipo stoo. Kutoa cha zamani na kuingiza kipya ni kazi ya nusu saa. Tatizo ni kwamba vichwa vya elementi vimezikwa nyuma ya matofali, na matofali hayo hayagusiki mpaka yapoe. Ukishusha joto nyuzi 50 kila saa ili ukuta usipasuke, saa 24 zinapita kabla fundi hajaweza kuingiza mkono. Kupandisha joto tena kwa mwendo uleule ni saa 24 nyingine. Siku mbili zimekwenda kwa ajili ya nusu saa.

Hesabu hiyo ndiyo kiini cha mabishano ya muda mrefu kati ya wasanifu wa matanuri. Upande mmoja unataka tanuri linalofunguka: vipande vinavyotoka kimoja kimoja, milango ya kufikia sehemu zinazokufa mapema, maungio ambayo fundi anaweza kuyaachanisha bila nyundo. Upande wa pili unataka tanuri lililofumbwa: ukuta mnene usio na maungio, joto lisilo na pa kutokea, na muda mrefu kabisa kabla ya kulizima. Upande huu wa pili ndio wenye heshima ya hesabu. Wa kwanza mara nyingi huchukuliwa kama watetezi wa mafundi waliochoka, watu wanaotaka kurahisishiwa kazi huku bili ya nishati ikipanda. Naona hawajasikilizwa sawasawa, na hesabu za nishati zenyewe, zikifuatwa hadi mwisho, zinawabeba.

Tuanze na hoja nzito kuliko zote dhidi yao, yaani mwanya. Kwa kanuni ya Stefan na Boltzmann, uwazi katika tanuri la nyuzi 1,200 hutoa mnururisho wa kilowati 267 hivi kwa kila mita ya mraba. Kwenye nyuzi 1,600 kiasi hicho kinakaribia 700, kwa sababu mnururisho hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto inayohesabiwa kuanzia sifuri kamili. Chukua mlango wa matengenezo wenye mwanya wa urefu wa mita moja na upana wa milimita 5. Kwenye nyuzi 1,200 unaweza kupoteza hadi kilowati 1.3, usiku na mchana, na kwa mwezi hizo ni uniti (kilowati-saa) 960 hivi. Mhandisi akionyeshwa namba hiyo hataki tena kusikia habari za milango.

Sasa geuza daftari ukurasa wa pili. Tanuri lenye tani 10 za matofali, ambayo kwa wastani yamepashwa nyuzi 700 juu ya joto la chumba, limehifadhi ndani ya kuta zake gigajuli 7 hivi, kwa kuwa kilo moja ya tofali huhitaji karibu kilojuli moja ili ipande nyuzi moja. Hizo ni uniti zipatazo 1,950. Ukilizima likapoa kabisa, zote zimekwenda hewani, na utazinunua upya wakati wa kuwasha. Kuzima mara moja tu kwa sababu ya elementi moja kumemeza joto la miezi miwili ya mwanya ule uliotutisha, na hapo sijagusa saa 48 za kazi zilizopotea wala joto linalovuja wakati tanuri likipanda tupu, bila kitu ndani. Hesabu ya mwanya huandikwa kwenye karatasi ya vipimo vya tanuri. Ya kuzima haiandikwi popote, kwa sababu humwangukia mwendeshaji miaka mitatu baada ya mkataba kusainiwa.

Mwanya wenyewe pia una dawa. Mnururisho husafiri kwa mstari ulionyooka. Ungio lililokatwa kwa umbo la ngazi, likajazwa blanketi la nyuzi za kauri, haliachi njia ya moja kwa moja kutoka ndani hadi nje. Hata mwanya ulionyooka, ukiwa mwembamba na ukuta ukiwa mnene, hupitisha pungufu ya kiasi nilichotaja. Mlango unaovuja vibaya ni mlango uliosanifiwa vibaya.

Lakini hasara kubwa ya kuzima iko ndani ya ukuta wenyewe. Mita moja ya tofali la alumina, yaani oksidi ya alumini, hurefuka karibu sentimita moja kati ya baridi na nyuzi 1,200. Likipoa linanywea, nyufa zinafunguka, vumbi na slagi, yaani taka zilizoyeyuka, vinajipenyeza humo, na joto linaporudi ufa haufungiki tena. Ukuta unajisukuma wenyewe. Matofali ya silika huumia zaidi: kristobaliti, aina mojawapo ya fuwele za silika iliyo ndani yake, hubadili umbo na ujazo ghafla kati ya nyuzi 200 na 270 hivi, na kwatsi, aina nyingine ya fuwele hizo, iliyobaki hufanya hivyo kwenye 573. Waya za mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini, ambazo ndizo elementi za matanuri mengi, zikishapashwa moto mkali chembe zake hukua, nazo huwa kavu kama kijiti zikiwa baridi. Ukimwingiza fundi abadilishe moja, begi lake la vifaa likagusa ya jirani, sasa una mbili zilizokatika. Kila tengenezo la baridi hupanda mbegu ya tengenezo lijalo.

Wanaodai kwamba kutengenezeka ni anasa ya karakana ndogo wangetazama viwanda vya chuma cha pua. Katika tanuri la tao la umeme, linaloyeyusha kwa cheche kubwa ya umeme, elektrodi ya grafiti, yaani nguzo inayopitisha umeme huo, huliwa kutoka chini, na kipande kipya hufungwa kwa nyuzi za skrubu juu yake. Norway, kwenye miaka ya 1910, Carl Wilhelm Söderberg alikwenda mbali zaidi: elektrodi yake ni bomba la bati lililojazwa mchanganyiko wa kaboni unaookwa na joto la tanuri lenyewe huku ukishuka, na bomba jipya hulehemiwa juu wakati kazi inaendelea. Kipande kinachokufa hubadilishwa na tanuri halijui. Tangu miaka ya 1970 sehemu ya juu ya kuta za matanuri ya tao imekuwa paneli zinazopozwa kwa maji, ambazo hufunguliwa na kuinuliwa kwa kreni. Paneli hizo hupoteza joto jingi bure, na bado wenye viwanda, watu wanaohesabu kila uniti, walizikubali.

Mifano mingine naipitia haraka. Matanuri ya vigae huchomoa rola iliyovunjika kwa ubavuni na kuingiza nyingine huku moto ukiwaka. Matanuri mengi ya ombwe, yanayofanya kazi bila hewa ndani, hutoa chumba chote cha moto kama droo. Na mwaka 1858 Friedrich Hoffmann alipata hataza ya tanuri la mduara la kuchomea matofali, ambamo moto hutembea kutoka chumba hadi chumba. Katika kila mzunguko kila chumba hupoa kwa zamu yake, watu huingia kupakua, na ukuta wake unaweza kukaguliwa na kuzibwa bila moto kuzimwa hata siku moja. Naupenda mfano huo kwa sababu Hoffmann alikuwa anatafuta kuokoa nishati, na nafasi ya kutengeneza ikaja pamoja nayo.

Upande wa tanuri lililofumbwa haujaishiwa hoja, na zipo mbili ambazo sioni njia ya kuzizunguka. Ya kwanza ni matanuri ya kuyeyushia kioo. Hayo hukimbia miaka 10 hadi 15 na zaidi bila kuzimwa. Kioo kilichoyeyuka hutafuta kila ungio na kulila, na kuongeza maungio humo kwa ajili ya fundi ni kumfungulia adui lango. Ya pili ni matanuri yanayofanya kazi ndani ya gesi maalumu, hidrojeni kwa mfano. Humo ungio linalovuja linaharibu bidhaa, na linaweza kulipua jengo. Paneli za maji nazo zina hatari yake: maji yakifika chini ya chuma kilichoyeyuka, mvuke wake hulipuka.

Hata hivyo tanuri la kioo nalo limejifunza kutengenezwa likiwa hai. Elektrodi zake za molibdeni husukumwa ndani kadiri zinavyoliwa. Na kuna ulehemu wa kauri, uliobuniwa katika kampuni ya Glaverbel ya Ubelgiji: mkuki mrefu hupuliza unga wa kauri na chembe za silikoni au alumini pamoja na oksijeni kwenye ufa, chembe zinaungua, na kiraka kinashikana na ukuta ukiwa bado mwekundu. Ili mkuki ufike, lazima msanifu awe ameacha tundu la kuchungulia mahali panapofaa. Vivyo hivyo zege la kuhimili moto, ambalo limechukua nafasi ya matofali sehemu nyingi kwa sababu halina maungio, linapendwa pia kwa sababu linarushiwa kiraka kwa bomba. Mara nyingi anayesema anatetea ukuta usiofunguka anatetea ukuta unaotengenezeka kwa njia nyingine.

Kwa hiyo swali la maana ni kipande gani kitakufa kwanza, na kama hicho ndicho rahisi kukifikia. Hapo mambo madogo huamua kuliko falsafa. Elementi za silikoni kabaidi huongeza ukinzani kadiri zinavyozeeka. Ukiweka mpya kati ya kuukuu zilizofungwa mfululizo, zile kuukuu hubeba mzigo mkubwa zaidi na kufa upesi. Zikiwa sambamba, mpya ndiyo huumia. Kwa hiyo hubadilishwa kwa kundi, na msanifu mwenye kufikiri hufanya makundi yawe madogo. Elementi za molibdeni disilisidi hazizeeki hivyo, na moja huweza kubadilishwa peke yake, hata tanuri likiwa moto. Anayechagua kati ya hizo mbili kwa kutazama bei na halijoto tu ameacha nje nusu ya uamuzi.

Bolti ni habari nyingine. Chuma kisicho na kutu kikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 600 na 900 hivi kinaweza kugeuka kigumu na chepesi kuvunjika kikiwa baridi, na nyuzi za bolti hushikana na nati kama zimelehemiwa. Kabari na pini hutoka kwa pigo moja. Nanga inayoshikilia moduli ya nyuzi za kauri ikifunguliwa kwa mbele, moduli moja hutoka; ikiwa imelehemiwa nyuma ya mstari mzima, mstari mzima hubomolewa.

Na kubomoa kuna gharama mwilini mwa mtu. Vumbi la silika ya fuwele liliorodheshwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 1997 kama kisababishi cha saratani kwa binadamu. Nyuzi za kauri zikikaa kwenye zaidi ya nyuzi 1,000 hivi huanza kutengeneza kristobaliti, kwa hiyo blanketi kuukuu linaloraruliwa lina hatari ambayo jipya halikuwa nayo. Katika matanuri ya induksheni, yanayoyeyusha chuma kwa nguvu ya sumaku ya umeme, ukuta wa ndani uliochakaa zamani ulivunjwa kwa nyundo ya upepo, fundi akiwa amesimama ndani ya vumbi. Siku hizi kitako cha tanuri kinaweza kujengwa ili jeki ya hidroliki isukume ukuta wote nje kama keki kutoka kwenye chombo chake. Upande wa pili una haki ya kujibu kwamba mlango rahisi humshawishi mtu kuingia kabla ya wakati, na jibu lao ni la kweli. Mlango wa namna hiyo unahitaji kufuli linalokata umeme na gesi kabla haujafunguka, na gharama ya kufuli hilo iwe ndani ya bei ya tanuri tangu mwanzo.

Kwa anayenunua, nakubaliana na kupoteza asilimia chache za joto kwenye maungio yaliyokatwa vizuri, isipokuwa pale kioo au gesi vinapokataa. Kwenye karatasi ya vipimo, kando ya kilowati na nyuzi, adai mstari mmoja zaidi: saa ngapi kuanzia kuzima hadi kurudi kwenye joto la kazi, kwa kubadilisha elementi iliyo mbali zaidi na mlango. Kisha, siku ya majaribio, kabla ya malipo ya mwisho, tanuri likiwa limeshapashwa moto mara moja, mtengenezaji aitoe elementi hiyo na kuirudisha, na mafundi watakaobaki na tanuri wawe wamesimama hapo wakishika saa.