Ahadi ya Baba Mkubwa Isiyokwisha

Nilipoteuliwa kuwa katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu, jijini Dar es Salaam, nilikataa katakata kuandika ahadi za michango kwenye daftari kama walivyofanya makatibu walionitangulia. Mimi ni mtu wa Vim, kihariri matini kisichohitaji kipanya, na nilikuwa nimeisubiri kwa miaka siku ambayo ukoo wote ungeketi mbele ya kompyuta yangu na kuona ni kitu gani hasa kilichokuwa kikinikesha.

Balaa lilianza kabla sijaandika herufi. Ukiifungua Vim bila faili, hukukaribisha kwa maneno machache, na miongoni mwake siku ile palikuwa na ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Shangazi alivaa miwani, akalisoma, akaivua.

"Kumbe michango yetu inapelekwa Uganda?"

Nikaeleza kwa utulivu kwamba programu hii iliandikwa na Mholanzi, Bram Moolenaar, aliyeitoa kwa watu mwaka 1991, na kwamba haiuzwi, ila mtumiaji huombwa awakumbuke watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda. Shangazi akasema kwamba watoto hao anawaonea huruma sana, lakini bwana harusi ni wetu.

Orodha ilikuwa na mistari 84. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kwa sababu ya cheo chake; Baba Mkubwa alikuwa wa mwisho kwa sababu wenye uwezo hutaja ahadi zao watu wakiwa wamekwisha kunyamaza. Kila ahadi nilikuwa nimeiandika kwa maelfu, 50 ikimaanisha 50,000, na sasa nilitakiwa kuongeza ",000" mwishoni mwa kila mstari. Nakiri kwamba nilijua amri moja fupi, :%s/$/,000/, ingeimaliza kazi hiyo bila kielekezi kusogea kwa mkono wangu hata hatua moja. Lakini nani humpigia makofi mtu aliyeandika mstari mmoja? Nikaandika kitanzi: ongeza ",000" kwenye mstari huu, shusha kielekezi kwa herufi j, kisha rudia maadamu line('.'), yaani namba ya mstari ulipo, haijazidi line('$'), yaani namba ya mstari wa mwisho.

Nikabonyeza Enter kwa mkogo. Kimya. Vim haina haraka ya kuchora skrini upya skripti ikiwa bado inafanya kazi, kwa hiyo wajumbe waliendelea kuitazama orodha ile ile iliyotulia huku feni ya kompyuta ikivuma kama mashine ya kusaga. Nikawaambia inapiga hesabu. Baada ya kama dakika moja ya hesabu hizo, mhazini aliuliza kama angeweza kusaidia kwa kikokotoo cha simu yake, nami nikabonyeza Ctrl-C kuisimamisha.

Skrini ikajaa sifuri. Juu kabisa, pembeni kushoto, palisomeka jina la Baba Mkubwa, likafuatiwa na 300, na baada ya hapo palikuwa na mikato na sifuri hadi chini, bila nafasi ya mtu mwingine yeyote. Kielekezi kilipofika mstari wa 84, j haikuwa na pa kukipeleka; haikukishusha, haikulalamika, wala haikukisimamisha kitanzi, na kwa kuwa 84 haitazidi 84 hata tukae hapo hadi arusi ya wajukuu, kila mzunguko ulimwongezea mzee yule yule sifuri tatu nyingine. Waliokiita kitu hiki kitanzi walikuwa wamekwisha kuona shingo ya mtu.

Baba Mkubwa alisogea, akaisoma ahadi yake kwa kidole mpaka kidole kikafika ukingoni mwa meza.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "hapa mnamwoza mdogo wako au mnanunua bandari?"

Nilibonyeza u mara moja tu, sifuri zote zikatoweka, maana Vim huhesabu kazi yote ya amri moja kuwa badiliko moja. Huo ndio ulikuwa wakati wa kuitumia ile amri fupi. Badala yake, kwa kiburi, nikakigeuza kitanzi kianzie chini na kupanda kwa herufi k, maadamu line('.') ni kubwa kuliko 1. Kilimalizika kabla sijainua kidole. Baba Mkubwa akarudi kwenye 300,000 yake, akapumua, nami nikaichapisha orodha pale pale na kumkabidhi mhazini aisome kwa sauti.

Mhazini akasafisha koo. "Mwenyekiti wetu," akaanza, "shilingi mia tano."

Kitanzi changu kilikuwa kimesimama mstari wa pili, kwa sababu wa kwanza si mkubwa kuliko 1. Nilikuwa bado natafuta kalamu ya kumwongezea mwenyekiti sifuri zake kwa mkono, wakati Shangazi alipomgeukia na kumuuliza kwa sauti ya chini, ambayo wote tuliisikia, kama zile nyingine ndizo alizopeleka Uganda.