Langston Hughes hakutawanya kipaji

Lawama kwamba Langston Hughes, mwandishi Mweusi wa Marekani, alitawanya kipaji chake huwa inaniudhi. Ni kweli, aliandika mashairi, riwaya, tamthilia, vitabu vya watoto na tawasifu mbili, tena akatafsiri washairi wa Kihispania. Sasa angekula nini? Mwaka 1925 alikuwa akiondoa vyombo mezani katika hoteli moja ya Washington. Diwani yake ya kwanza ilitoka mwaka uliofuata, lakini shairi halikulipa kodi ya nyumba wakati ule, kama lisivyolipa leo. Mmarekani Mweusi aliyeamua kuishi kwa kalamu tupu ilimbidi abishe hodi kila mlango. Hata nyumba yake ya Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, ilitokana na pesa za kutunga maneno ya nyimbo za Street Scene, opera ya Kurt Weill iliyopanda jukwaa la Broadway mwaka 1947.

Na kazi yake bora kwangu si mashairi, wabishi na wabishe. Ni safu aliyoiandika kwenye Chicago Defender, gazeti la Weusi, kuanzia 1942. Humo ndimo alimozaliwa Jesse B. Semple, au Simple kwa kifupi: kibarua wa Harlem anayepiga soga baa na msomi mwenye Kiingereza kilichonyooka. Simple huanza kulalamikia miguu inayomuuma, akapitia kwa mama mwenye nyumba na gharama za talaka, na kabla hujajua yuko kwenye ubaguzi. Unacheka kwanza, hasira inakuja baadaye. Yule msomi anadhani anamrekebisha mlevi, kumbe anayepewa darasa ni yeye. Hughes alimbeba mtu huyo gazetini kwa miaka zaidi ya 20, na sijui diwani gani ingewafikia wasomaji wale wale kwa namna hiyo.

Juni 1962 Hughes alifika Makerere, Kampala, kwenye mkutano wa waandishi wa Kiafrika wa lugha ya Kiingereza. Achebe na Soyinka walikuwepo, na Ngũgĩ pia, akiwa bado mwanafunzi wa chuo hicho. Shaaban Robert hakuwa na nafasi pale, maana aliandika kwa Kiswahili. Alifariki mwezi huohuo. Mashairi, insha, riwaya, tawasifu, vyote alivifanya, na kwa kipato cha karani. Katika Afrika Mashariki nzima huyo ndiye mtu ambaye Hughes alistahili kuketishwa naye meza moja, na waandaaji wakamwacha nje kwa sababu ya lugha.