Hofu Iliyo Sahanini

Vijana wa Nakuru wanaoazimana riwaya za kuponea mauti hubishana sana kuhusu silaha na wanyama wakali, ilhali kwa maoni yangu hofu yenye uzito katika riwaya hizo imo kwenye chakula. Katika The Hunger Games, aliyoitoa Suzanne Collins mwaka 2008, vijana 24 wenye umri wa miaka 12 hadi 18 wanaingizwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja. Ishara inayotajwa na kila mtu ni ndege aliye kwenye pini ya Katniss, msichana aliye mhusika mkuu, ambaye kwangu amelipamba jalada kuliko alivyoibeba hadithi. Hofu yenyewe imebebwa na beri za sumu. Foxface, msichana asiyemwamini yeyote na anayeishi kwa kudokoa akiba ya wenzake, anakufa kwa kula beri alizochuma Peeta, mvulana mwenzake Katniss, bila kujua kuwa zina sumu, kwa sababu mwizi, hata awe mwangalifu vipi, hana budi kumwamini anayemwibia. Baadaye Katniss na Peeta wanazishika beri za aina hiyo hiyo, tayari kuzila pamoja mbele ya watawala, na sumu iliyomwua mdokozi inakuwa kiapo baina yao.

William Golding alishika njia nyingine katika Lord of the Flies ya mwaka 1954. Mnyama anayewatisha wavulana waliokwama kisiwani ni maiti ya mwanajeshi iliyonaswa mlimani na parachuti yake, na Simon, mmoja wao, anayekuja kuwaeleza ukweli huo, anauawa kwa kudhaniwa kuwa ndiye mnyama. Tukio hilo ni zito, lakini mnyama wa mlimani humruhusu msomaji kujitenga naye, chakula hakimruhusu.

Hapa kwetu waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wakitania. Mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru, wengine wakiwahofia majirani waliokuwa wakiazimana nao chumvi. Msomaji wa miaka 15 hakuziona siku hizo, ila huenda anaijua nyumba ambayo mama yake huketi sebuleni, akazungumza na kucheka, lakini hagusi chai. Kwa msomaji huyo, mwalimu angeanza kwa kuuliza nani alichuma, nani aliiba na nani alikula.