Mtoto wa maswali mengi: tumuachie au tumkunje?

Kwenye malezi hii ishu haiishi. Kuna wanaosema mtoto aachwe aulize, ajaribu, akosee mwenyewe, na kuna wa samaki mkunje angali mbichi, yaani afundishwe kwanza, kufikiri kwake kutakuja baadae. Mi naona kila upande una hoja, ila kila upande pia una kitu unachokikwepa.

Hawa wa uhuru wana ushahidi mtamu. Mwaka 1984 watafiti Barbara Tizard na Martin Hughes wa Uingereza walitoa matokeo ya kurekodi maongezi ya watoto wa kike wa kama miaka minne, unakuta nyumbani mtoto anamuuliza mama maswali kama 26 kwa saa, akifika chekechea yanashuka hadi 2. Mtoto yuleyule! Udadisi haukudondoka njiani, ni kwamba kule muulizaji ni mwalimu na mtoto kazi yake kujibu, na watoto kusoma mazingira hawajambo.

Lakini wa upande wa pili nao sio wakoloni tu kama wanavyosemwa. Herufi a kusomwa a ni makubaliano ya watu, hata mtoto awe na akili vipi akae nayo mwaka mzima hawezi kuligundua hilo peke yake, lazima aambiwe. Mwaka 2006 mtafiti wa elimu Paul Kirschner na wenzake wawili waliandika kwamba anayeanza somo ukimuachia agundue kila kitu mwenyewe unamzidishia mzigo, maana akili inashika vitu vichache tu kwa wakati mmoja. Alafu asiyejua chochote kuhusu sumaku atauliza nini kuhusu sumaku? Swali zuri linatoka kwa mtu ambaye tayari anajua kidogo.

Sasa jaribio linalonifanya nisikubali kuchagua upande ni la Elizabeth Bonawitz na wenzake, Marekani, 2011. Watoto wadogo walipewa kifaa cha kuchezea chenye mabomba na vitu kadhaa vimefichwa, moja ukilivuta linalia. Walioambiwa "nakuonyesha kinavyofanya kazi" wakaonyeshwa ule mlio, waling'ang'ania hapohapo na wakakichoka mapema. Wengine walionyeshwa hivyohivyo ila mwonyeshaji akajifanya kakatishwa, akaondoka, na hao wakaendelea kuchokonoa wakakuta mengine. Kwa hiyo kufundishwa kwenyewe hakukuua kitu, kilichofunga mlango ni ile hisia kwamba mtu mzima kashamaliza kusema yote. Na kiukweli wale wa kwanza walifikiri vizuri tu, anayekijua kifaa angekuwa na la ziada si angelionyesha?

Ndo maana mi niko na wanaofundisha, ila wafundishe bila kujifanya wamemaliza. Onyesha moja, sema yapo mengine, nyamaza. Kunyamaza ndo kazi kweli, hasa umechoka na kuna vyombo vinakusubiri.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hazilisemi kwa sauti. Wazazi wengi tunataka mtoto anayefikiri mwenyewe huko nje, asidanganywe na marafiki, asifuate mkumbo, ila akifika nyumbani akihoji amri yetu tunaita jeuri. Haiwezekani awe na akili mbili. Kwenye hatari hakuna mjadala, toka barabarani kwanza, sababu utaambiwa ukishafika pembeni. Ila kwa nini alale saa fulani, kwa nini mkubwa wake amepewa na yeye hajapewa, hapo ana haki ya sababu, na akikupa hoja nzuri badilisha uamuzi, maana ukikataa kila mara atajua hoja hazina kazi, ataacha kuzitengeneza aanze kulia au kudanganya.

Na lile "wewe unaonaje?" linalosifiwa sana, tuwe nalo kiasi. Likiulizwa kukwepa kujibu mtoto anajua ndani ya siku mbili. Kama hujui sema sijui, mkatafute wote, ila kabla hujashika simu akupe yeye kwanza anavyodhani.